Pima Tatu za Mtu Mfupi

Mshauri mwenzangu,

Nakuita mwenzangu kwa sababu na mimi ni mshauri, tena si wa mambo ya ndoa bali wa bandari na njia za maji, na kabla sijalia naomba usinionee huruma haraka, maana mimi nina bahati ya kutisha, bahati inanijua kwa jina, kampuni ya wataalamu ilipokuja kutafuta mtu mmoja anayeujua mto wetu walijitokeza watu sitini, wengine na vyeti vyenye mihuri, wakanichagua mimi niliyeishia darasa la saba lakini nimefunga kamba za pantoni miaka ishirini na mbili na nimeongea na manahodha wa kila aina, hata wale wanaotukana kwa lugha nne.

Basi nikapewa kofia ngumu na kitambulisho chenye picha, na chini ya picha pameandikwa MSHAURI, mama mkwe wangu ambaye tangu harusi alikuwa akiniita "huyo wa kamba" sasa ananiita Baba Mshauri, akija mgeni namsikia, "Msimsumbue, anafikiri," na mimi wala sifikiri, nimelala, lakini nani atakataa heshima ikimbishia hodi? Mke wangu naye sokoni hatembei, anaelea.

Sasa sikia mkosi. Kazi ilikuwa kupima kina cha maji penye gati jipya, ile mashine yao ya kupimia maji ikaingia maji, nilicheka mpaka nikakaa chini, mhandisi wetu, dada mpole mwenye miwani, akakaribia kulia, ndipo nikamwambia, "Bosi, tulia, mashine ninayo begani," nikatoa bildi, ile kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, tukapanda mtumbwi siku nne, naitumbukiza mpaka chini, naivuta, naihesabu kwa pima, kidole cha huku mpaka kidole cha kule, mikono nimeitanua kama ninataka kuukumbatia mto mzima, "Pima tatu! Pima nne!" naye anaandika. Akaniuliza, "Mzee, pima moja ni mita ngapi?" Nikamjibu bila kupepesa, "Moja nukta nane, ulizia bandari yoyote duniani." Ndivyo alivyonifundisha nahodha wangu wa kwanza, ila yule alikuwa jitu, akipanda pantoni inaegemea upande, na mimi, mwenzangu, shemeji yangu huniita Nusu Mlingoti.

Ripoti ikachapwa, ina jalada la plastiki. Juzi nikaenda kwa fundi cherehani anishonee suti ya siku ya kufungua gati, akapima mkono, akapima mgongo, akapima mkono wa pili, akaangua kicheko, "Mzee wangu, hii mikono ilifuliwa ikanywea? Kidole mpaka kidole mita moja na nusu! Kitambaa kitabaki cha kukushonea na soksi." Watu wote dukani wakacheka, nikacheka na mimi, halafu katikati ya kicheko nikaanza kupiga hesabu. Pale gatini nilisema pima tatu, ripoti ikaandika mita tano na ushee, kumbe ni nne na nusu, na Jumamosi ijayo tishari la kwanza linaingia na shehena ya saruji, likijaa tumbo lake linashuka mita tano chini ya maji, na nahodha wake ni nani? Shemeji yule yule, kaka wa mke wangu, pamoja na mabaharia sita.

Nikampigia. "Shemeji, si uje na nusu mzigo tu?"

"Nusu Mlingoti, na wewe kila kitu nusu?"

"Nakutakia mema."

"Ripoti yenu nimeisoma mara mbili, kaka. Toka umuoe dada yangu, leo ndiyo mara ya kwanza nakuamini."

Akakata simu.

Nikisema ukweli kazi inakwenda, mama mkwe anarudi kwenye "huyo wa kamba," na dada mhandisi aliyeniamini anaaibika mbele ya wakubwa zake. Nikinyamaza shemeji anakwama kwenye tope na saruji yake. Je, nimnong'oneze shemeji peke yake, iwe siri ya familia, ripoti ibaki na jalada lake?

Na ile ya watu sitini nimekudanganya. Siku ile ya kuchaguliwa tulikuwa wawili, na yule mwingine alikuwa kaenda chooni.

Ni mimi,
Mshauri wa Njia za Maji

MAJIBU

Mshauri wa Njia za Maji,

Nimecheka, nimefuta machozi, sasa nakuja kukuchapa. Barua yako nimeivusha foleni kwa sababu ya hiyo Jumamosi.

Unataka kumnong'oneza shemeji. Haya, yeye atapona. Na tishari la pili? Ripoti hiyo itasomwa na nahodha ambaye si shemeji wa mtu. Wewe mwenyewe umefunga kamba miaka ishirini na mbili, hili nalo ni la kukufundisha mimi niliyekaa mezani?

Tena hofu yako imekosa hesabu kuliko hata hiyo bildi. Kamba ilikuwa moja? Mikono ilikuwa ile ile siku zote nne? Basi hujaharibu kipimo hata kimoja, ulichokosea ni urefu wa pima yako. Dada mhandisi akishaujua, ataisahihisha ripoti nzima kabla chai yake haijapoa. Ila hawezi kusahihisha asichokijua. Na yeye pia umwambie nimesema: alipaswa kukutazama kimo kabla ya kuandika.

Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi. Kuhusu mama mkwe, aliishi na "huyo wa kamba" miaka yote hiyo na hakufa. Mwanawe akikwama na shehena nzima, hata hilo la kamba utalitamani.

Leo hii azima utepe wa fundi, uingie ofisini. Usianze na yule jitu wako, usianze na mkosi, na ucheshi uuache mlangoni. Tanua mikono useme, "Nipime." Ukitoka hapo mpigie shemeji: "Nilikosea, maji ni mita nne na nusu, usijaze." Atakucheka. Mwache acheke mpaka achoke, mradi apunguze saruji.

Lakini kabla ya simu hiyo kaa na mkeo umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Akiyasikia kwa kaka yake, hilo mimi sina dawa yake.