Swali Langu kwa Mkurugenzi

Jumatano, 5 Machi
Poda usoni, maikrofoni kifuani, chai ya studio imepoa. Kama kila Jumatano. Waandishi watatu upande mmoja wa meza, mgeni upande wa pili. Kipindi hiki kilianza nikiwa shule ya msingi. Baba alikuwa akitunyamazisha wote kikianza.

Mgeni wa leo alikuwa mkurugenzi wa shule ambayo basi lake lilibingirika wiki jana karibu na Chepkoilel. Mtoto mmoja alifariki. Dereva, Njoroge, yuko hospitali. Taya limevunjika, hawezi kuongea.

Halima, mwenzangu mezani, aliuliza kuhusu ukaguzi wa basi. Mkurugenzi akaanza kutoa jasho. Nikaingilia: "Ni kweli dereva wako alikuwa amekunywa?"

Akainamisha kichwa. "Hilo tunalichunguza."

Hakukana. Mutai, prodyusa wetu, alinipa mkono nikitoka. Nilifurahi.

Alhamisi, 6 Machi
Klipu yangu iko kwa kila simu. Wanamwita Njoroge mlevi, muuaji.

Halima aliniuliza nani aliniambia. Nikasema nina mtu. Mtu mwenyewe ni makanga mmoja wa matatu pale stejini, na yeye alisikia tu kwa wenzake. Sikupigia mtu mwingine yeyote. Halima sikumwambia hivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Nyumba ya Njoroge kule Langas imepigwa mawe. Mkewe, Mama Shiru, amechukua watoto akahamia kwa dadake mtaa wa Kimumu.

Sikula.

Jumatatu, 10 Machi
Ripoti ya ajali imetoka. Breki zilifeli. Damu ya Njoroge ilipimwa siku ile ile alipofikishwa hospitali: hakuna pombe. Na mkurugenzi alikuwa ameshaambiwa breki ni mbovu. Kwa hivyo alipoinamisha kichwa mbele yetu, alijua. Nilimpa njia ya kuponyoka, akaichukua.

Sijipendi leo.

Nilienda kwa Mutai, nikamweleza yote, hata ya makanga. Nikasema tuombe radhi hewani.

"Kipindi hiki hakijawahi kuomba mtu radhi," akasema. "Na wewe uliuliza tu. Hukusema alikunywa."

Nilitaka sana kukubali. Lakini nimefanya kazi hii miaka mingi. Najua maswali mengine ni kusema.

Jumatano, 12 Machi
Nimesema. Bila ruhusa. Mwenyekiti wa kipindi alipokuwa akiaga watazamaji nikamkatiza: Njoroge hakuwa amekunywa, niliuliza jambo nisilolijua, naomba radhi. Muziki wa kufunga ukanimeza kabla sijamaliza.

Mutai alipita karibu yangu kama hanioni. Halima alinishika bega. Nikaona nimelipa.

Alhamisi, 13 Machi
Sijalipa kitu.

Nilienda hospitali. Njoroge ni mwembamba kuliko nilivyodhani. Taya limefungwa kwa waya. Televisheni ya wodi iko ukutani, mbele ya kitanda chake kabisa. Hilo halikuwahi kunijia akilini. Alikuwa akinitazama nikimwita mlevi na hana mdomo wa kunijibu.

Nikaanza kusema pole. Akageukia ukuta.

Mama Shiru alinifuata koridoni. Nilijua atanitukana. Afadhali angenitukana.

"Madam," akasema, "ile siku ya kwanza uliongea pole pole. Kila mtu akasikia. Jana ulikuwa unakimbia."

"Nifanye nini, Mama?"

"Watu wa Langas hawakuona hiyo ya jana. Kuja kanisani kwetu Jumapili. Wazazi wa yule mtoto pia wanasali hapo."

Hakuniomba. Aliniambia tu, akarudi kwa mumewe.

Ijumaa, 14 Machi
Mutai ameniondoa mezani hadi atakaponiita. Sikubishana. Ninachoogopa ni Jumapili. Ninaogopa wale wazazi.

Jumapili, 16 Machi
Nilienda.

Kanisa la mabati, limejaa. Mchungaji alinipa nafasi baada ya matangazo. Nimezoea kuongea na maelfu nisiowaona. Hawa niliwaona. Wazazi wa mtoto walikuwa mbele, mama ameshika leso kwa mikono miwili.

Nilisema pole pole. Kwamba Njoroge hakuwa amekunywa. Kwamba breki zilifeli. Kwamba mimi nilirudia uvumi nikauita swali. Nilitaja jina lake lote, vile mkewe anavyolitaja. Kisha nikawaambia wale wazazi kwamba wiki yao ya kulia niliijaza uongo.

Hakuna aliyeitikia amina. Baba wa mtoto aliinuka akatoka nje. Sijui kama hasira ilikuwa kwangu, au kwa mkurugenzi, au kwa Mungu. Mama yake mtoto alibaki. Baada ya muda alimgeukia Mama Shiru, aliyekaa nyuma yake, akamuuliza Njoroge anaendeleaje. Mama Shiru akajibu kwamba ameanza kunywa uji kwa mrija. Wakaongea kwa sauti ya chini, sikusikia mengine.

Nilishuka kutafuta pa kukaa. Benchi zote zilikuwa na watu. Mama Shiru akampakata mtoto wake, nafasi ikapatikana. Hakunitazama.

Nikakaa.