Shemeji Anaitamka K

Jumatatu, 4 Juni 1956
Kola nne leo, na vifungo vya shati la karani. Kibarazani Ramazani anafundisha tena. Ni kaka wa mume wangu. Alikaa Kampala miaka mitatu akifagia duka la nguo, akarudi na kofia na Kiingereza. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Wanaume saba kwenye mabenchi, ubao ni mlango mbovu uliopakwa masizi. Idi, mume wangu, anakaa mbele kabisa.

Wiki hii ni maneno yanayoanza na K na N. Ameandika knife, kisu. Knee, goti. Knock, kubisha hodi. Knot, fundo. Maana zote ni sawa, hilo simnyimi. Lakini anayasoma kama anayesoma Kiswahili. Kinife. Kinee. Kinoki. Kinoti. Na wale saba wanaitikia kwa pamoja. Mzee mwenye mvi anapaza sauti "kinee" huku ameshika goti lake.

K ile haitamkwi. Naifu. Nii. Noki. Noti. Mwalimu wetu Ujiji alitufundisha hivyo mapema kabisa. Nilisoma mpaka darasa la sita. Tangu niolewe huku kwa Wabelgiji hakuna aliyeniuliza nilisoma nini. Nipo nyuma ya pazia, nashona.

Jumatano, 6 Juni
Idi hakwenda Rubona. Mgongo. Gunia la kahawa lilimwangukia huko bandarini, hii ni wiki ya pili hawezi kuinama kuvaa viatu.

Hoteli ya ziwani inatafuta mtu wa chumba cha kulia. Wageni kutoka Kampala na Nairobi wameongezeka, na mwenye hoteli, Mbelgiji, anataka mtu mwenye Kiingereza kidogo. Atawapima Jumatano ijayo. Kazi ya kubeba sahani, si magunia. Ramazani ameshawatangazia watu kwamba Idi atachukuliwa, maana ni mwanafunzi wake. Hicho ndicho kinachonitia hofu.

Ijumaa, 8 Juni
Darasa baada ya swala. Neno la leo: know, kujua. Yeye anasema kinowu. "Ai kinowu." Asiyejua anawafundisha wenzake kusema najua. Nilicheka. Akasikia.

"Shemeji, mashine yako iko na kelele leo," alisema kwa sauti, ili wote wasikie.

Wakacheka wote saba. Idi pia.

Jumapili, 10 Juni
Nilimwambia Idi tulipokuwa tunakula. Nilisema polepole, kwa adabu. K ile usiitamke, sema naifu.

Akaweka kijiko chini. "Ramazani alikaa Kampala. We ulikaa Kampala?"

Nilikaa shuleni, nikamjibu.

"Bon," akasema kwa Kifaransa chake cha bandarini. "Yeye ni mukubwa yangu. Niende mbele ya watu niseme bibi yangu anasema unakosea?"

Niliosha sahani. Mwanamume anayeshindwa kuvaa viatu vyake mwenyewe, lakini heshima ya kaka yake anaweza kuibeba. Nimemdharau mume wangu leo. Naandika kama ilivyo.

Jumanne, 12 Juni
Ramazani amevuka mpaka kwenda Goma. Hakuna darasa. Alasiri Idi akaja penye mashine na daftari lake. Alichungulia mlangoni kwanza, kisha akainamisha kichwa kama anayenong'ona msikitini.

"Mwajuma. Hii juzi uliisemaje?"

Kidole kilikuwa juu ya knife. Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikazichomeka kwenye kitambaa.

"Muulize kaka yako," nikasema.

Akafunga daftari, akatoka, mkono kiunoni. Nilijisikia vizuri. Vizuri sana. Kesho watajua wote ni nani anayejua.

Jumatano, 13 Juni
Aliondoka na koti nililompunguzia mikono. Alirudi kabla ya adhuhuri. Akavua koti, akalikunja, akalala kifudifudi.

Habari nilizipata kwa Athumani, mmoja wa wale saba, ambaye naye alikwenda kupimwa. Mwenye hoteli alikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe, kutoka Nairobi. Meza ilitandikwa. Kila mtu anyanyue kitu akitaje. Idi akanyanyua kisu, akasema kinife. Yule mama wa kizungu akacheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Mwenye hoteli akamwambia arudie. Akarudia. Wakawaita na wapishi waje wasikie. Alirudia mara nne, akidhani wanampenda. Alitabasamu, Athumani anasema. Mara ya nne ndipo akaelewa.

Kazi amepewa mtu wa Kanama asiyejua hata neno moja la Kiingereza. Yeye alipoulizwa alinyamaza.

Nilitaka Ramazani aaibike. Ramazani hakuwepo. Ramazani alikuwa hapa kwangu, amerudi kutoka Goma, anakula viazi.

Alhamisi, 14 Juni
Ramazani amepata maelezo. Kiingereza cha Nairobi si kile cha Kampala, anasema, kule wanameza herufi kwa sababu ya baridi. Waliokuja darasani walitikisa vichwa kukubali. Athumani pia, na alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Ningekuwa na ng'ombe wajinga namna hiyo ningewauza.

Idi hakutoka ndani. Anasema kesho kutwa atajaribu tena magunia.

Jumamosi, 16 Juni
Alikwenda Rubona alfajiri. Wenzake walimrudisha saa tatu, wameshika makwapa yake huku na huku. Nilimlaza. Kisha nikamwambia, maana kukaa nalo kulinishinda. Jumanne ulipouliza tena nilijua. Nilijua na nikakunyima.

Aligeukia ukuta, nikadhani amelala.

"Mi nilikuja kwako kwa kujificha," alisema. "Ramazani asione. Na we ukanifukuza."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ingekuwa nafuu. Siku zote hizi nilikuwa nikiwapimia dharau watu wengine. Leo nimejipimia mwenyewe, na kipimo kimejaa. Ramazani hajui. Mimi nilijua.

Jumapili, 17 Juni
Upepo kutoka ziwani. Kibarazani wameingia maneno ya W na R. Sikusikiliza.

Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Idi alijikokota akakaa mkekani na daftari lake. Alisoma peke yake, taratibu, bila K. Naifu. Nii. Noti. Hakunitazama. Chini ya ukurasa kulikuwa na neno ambalo kaka yake aliliandika bila maana. Knead.

"Nidi," alisema. "Ni nini?"

"Kukanda."

Akatazama mikono yangu. "Unga?"

"Unga. Na mwili pia."

Alifikiri. Akavua shati, akalala kifudifudi mkekani, taratibu, akijishikilia ukuta.

"Donc, basi, kanda."

Nilifuta mikono kwenye kanga. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, nyama imekuwa ngumu kama ubao. Nilianzia pembeni, pasipouma. Unga ulikauka kwenye sinia. Tulikula viazi.