Ukurasa Niliouzika Pamoja Nawe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu hiyo.

Leo nimefungua shajara yangu ya siku tuliyokuzika kijijini kwetu Makutupora. Unanijua. Hata siku ile niliandika kila kitu kwa mpangilio: waliochimba kaburi, walioleta maturubai, saa uliyotoka nyumbani. Katikati ya ukurasa kuna mstari huu: "Biblia ya Baba, kwenye jeneza, kifuani." Wazo lilikuwa langu. Mchungaji aliniuliza kwa upole, "Nyumbani mna nyingine?" Nikamjibu kwamba ninayo kwenye simu. Watu walisema nimekuheshimu, nami niliamini hivyo.

Sasa Mama anaitaka.

Nakaa naye hapa mjini, Nkuhungu. Kumbukumbu zinamtoka, na daktari alituambia mimi na Neema kwamba hakuna dawa ya kuzirudisha. Siku nyingine anamwita Neema, binti yake wa kumzaa, "mgeni", anamhimiza akae. Lakini kila jioni, ugali ukiwa bado jikoni, ananiambia, "Nisomee pale baba yako alipokuwa ananisomea."

"Pale wapi, Mama?"

"Pale penye jani."

Jani nalikumbuka. La mzabibu, limekauka, umeliweka katikati ya kurasa. Ulikuwa unarudi kutoka kupogoa mizabibu, unanawa, unakaa karibu naye. Unasoma kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari, kisha unamweleza kwa Kigogo kwa kuwa yeye hakusoma shule. Mimi ninayeandika kila kitu sikuwahi kuangalia jani lile lilikaa ukurasa gani.

Nimeanza na Zaburi, maana huko ndiko ulikopenda kukaa. Nasoma kwenye simu, Mama anatikisa kichwa. "Siyo hiyo." Naandika tarehe, sura, na neno "siyo". Neema alinitania, "Kaka, hata neno la Mungu unalichukulia mahudhurio kama darasani!" Tulicheka, na Mama akacheka na sisi bila kujua tunacheka nini.

Unakumbuka nilipokuwa kidato cha pili nikakuuliza, "Baba, mbona huyu wa zaburi anamgombeza Mungu?" Ukanijibu bila kuinua macho, "Ulitaka amgombeze nani? Jirani?" Nilidhani unanitania tu. Vitabu vyote vya shule vilikuwa na majibu nyuma. Hiki kimeacha watu wakilia, wakilalamika, wakimuuliza Mungu amejificha wapi, na hakuna aliyepita baadaye kuyafuta maneno yao. Kinasema hata aibu za wazee wake wenyewe. Ukame umo, mashamba ya mizabibu yamo, mama aliyefiwa yumo. Ndiyo maana mtu wa Makutupora alikisoma bila kujiona mgeni, na mimi bado sijapata kingine cha kumshikia Mama mkono.

Jumanne nilifika Zaburi ya themanini na nane. Niliipitia kwanza peke yangu nikataka kuiruka. Haina shukrani mwishoni, inaishia gizani. Niliona si ya kumsomea mgonjwa.

"Mbona umenyamaza?" Mama akauliza.

Nikasoma. Hakutikisa kichwa. Nilipomaliza alikuwa ameshika ukingo wa kitenge chake kwa mikono miwili. "Ndiyo hiyo," akasema. "Alinisomea tulipotoka kumzika Elia. Wenzake walisema Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Yeye akaniambia, 'Mama Elia, lia, hata humu wanalia.'"

Baba, Elia nilimjua kwa jina tu, kaka aliyefariki kabla sijazaliwa. Miaka yote hiyo hamkunisimulia. Niliandika "NDIYO" kwa herufi kubwa, nikampigia Neema, naye akalia kwenye simu.

Jumatano jioni nilikaa mapema, nikaisoma ileile, taratibu, kama ulivyokuwa unasoma wewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyepotea njia.

"Siyo hiyo," akasema. "Mwache mwenye Biblia aje. Bado yuko shambani?"

Nikamwambia bado unapogoa.

Biblia ile nimeichukua kutoka mikononi mwenu wote wawili, na siwezi kuirudisha. Yule mtu wa zaburi naye hakujibiwa, lakini aliendelea kusema mpaka maneno yakamwishia. Ugali umewekwa jikoni sasa hivi, na Mama ameshaanza kuniita kwa jina lako. Naenda kumsomea.

Mwanao, anayekaa kwenye kiti chako,
kaka yake Neema, na mdogo wake Elia