Bado, Shemeji

Mpendwa mshauri, kuna neno moja limenishinda kusema na naomba unisaidie, mimi ni mjane wa hapa Mlandege, Iringa, marehemu mume wangu Fanueli alikuwa mpiga kinanda wa bendi, na mwaka juzi Mzungu mmoja fundi wa barabara alimwazima sahani ya muziki wa rock wa kwao, ndani yake kuna kinanda cha umeme wanakiita sintesaiza, sauti yake inaanzia chini kama upepo wa mlima Kitonga kisha inapanda mpaka mwili unasisimka, Fanueli akasema sauti hiyo ataipata hata kwa kinanda chake kikuukuu alichonunua kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu. Basi akawa anabandika karatasi ya sigara kwenye ndimi za shaba ndani yake, anaweka maikrofoni kwenye debe, anahangaika na amplifaya, halafu anapaza sauti, “Mama Damari, na hii?” nami jikoni nasonga ugali najibu, “Bado,” naye anacheka, “Nyie Wanyakyusa mna masikio magumu!” na kweli ilikuwa bado, mpaka lori lilipopinduka likamuua ilikuwa bado.

Sahani Mzungu aliondoka nayo kwao, kwa hiyo Jailos, mdogo wa marehemu anayeendeleza kazi ile hapa nyumbani, hana wa kumuuliza ila mimi. Bendi imeitwa kurekodi redioni Dar es Salaam, na bila sauti ile wimbo aliouacha Fanueli hawawezi kuupiga. Jumamosi Jailos akafunika debe kwa kipande cha kanga yangu ya jikoni, akapiga, na ilikuwa yenyewe, mshauri, nilitoka jikoni nikasimama mlangoni. “Shemeji, ndiyo hiyo?” Nikasema, “Bado.” Akainama, akaanza kuchomoa nyaya zote upya. Nikisema ndiyo, kinanda kitapakiwa kwenye gari, nyumba itanyamaza, na Fanueli atakuwa amepitwa na kitu alichokitafuta mwenyewe. Nifanyeje?

Mama Damari, Iringa

JIBU: Pole sana, dada yangu. Sasa acha nikugombeze. Jailos alikuuliza habari ya kinanda, wewe ukamjibu habari ya msiba. Kwako ni bado, naelewa, wala hakuna anayekuharakisha. Lakini kijana wa watu anaamini masikio yake ni mabovu, na anabomoa kazi nzuri kwa mikono yake mwenyewe. Huko ni kumwonea, hata kama ulimwonea huku unalia.

Unasema marehemu amepitwa. Amepitwaje, na kinanda ni chake, debe ni lake, na kanga imetoka jikoni kwako?

Mwambie Jailos waziwazi kwamba wakitoka Dar kinanda kinarudi Mlandege. Hiyo ni haki yako, usiione haya. Kanga waende nayo. Kisha leo, kabla hajachomoa waya mwingine, apige kama alivyopiga Jumamosi. Usisimame mlangoni. Nenda jikoni, pale pale ulipokuwa ukijibia, umwache akuulize kwa kupaza sauti, nawe ujibu majirani wasikie: “Ndiyo hiyo!”

Ukitaka kulia, lia baada ya kujibu.