Sufuria ya Bibi Yako Si ya Kupandia Maua

Wembley, London

Mwanangu Zuhura,

Nani aliyekwambia sufuria ya mama yangu ni kopo la maua? Nimeiona jana katika picha uliyomtumia Rehema, imekaa mlangoni mwa nyumba yako ya wageni, imejaa udongo na asumini, na wewe umesimama pembeni unachekelea. Shikamoo yako naijibu sasa, maana kwanza ilikuwa haikustahili: marahaba. Hujambo? Mguu wa mumeo umepoa? Mimi mzima, ila baridi inanitafuna magoti. Huyu Rehema binti wa kaka yako namsemesha Kiswahili ananijibu Kizungu, lakini wali wangu anaula kwa Kiswahili safi.

Nilikutajia jirani yangu Brijiti, ajuza wa Ayalandi, ambaye marehemu mumewe alikuja huku kujenga barabara. Wiki niliyohamia aliniletea mkate wa moto, juu umechanjwa msalaba. Mie nikausukuma nyuma ya kabati, nikijua huu mkate wa kanisani, wanataka kunibatiza kidogo kidogo. Siku ya tatu akaja kufuata kitambaa alichoufungia, akauona mzima umekauka. Hakununa. Alisema msalaba ule hukatwa ili moto ufike katikati, na mamake alikuwa akisema ndio mlango wa kutokea mashetani. Niliona haya, mimi nisiyetia mkono katika unga bila Bismillahi. Nikauchovya katika chai nikaula vivyo hivyo. Unga, chumvi, magadi na mtindi, hamira hamna. Mtamu, sisemi uongo.

Basi mwezi uliopita akatuchukua mimi na Rehema kwenda kwao, treni kisha feri. Kijani mpaka macho yanachoka, na mvua ya huko haina adabu, haipigi hodi. Kuna watu wanatoka mbali kwenda kula tu: leo chaza pwani, kesho jibini kwa mfugaji mwenyewe. Viazi na siagi kila nyumba, na siagi ile nilipoionja nikajipakia tena. Na mwani, Zuhura, huu wanaoulima wanawake wa kwetu wakausafirisha bila hata kuuonja, wenzetu wanauokota kwenye mawe ya pwani, wanauanika na kuutafuna kama bisi.

Njia nzima Brijiti alikuwa akijisifia sufuria ya mamake. Ya chuma, nzito, ina miguu mitatu, makaa huwekwa chini na mengine juu ya kifuniko. Nikamwambia huko ni kupalia, sisi mkate wa kumimina, ule wa mchele, tunaupalia hivyo hivyo, na sufuria ya mama yangu ipo mpaka leo. Tukabishana nani alianza. Nikajitutumua, nikamwambia baada ya Idi twende wote Unguja akaone mwenyewe, kwetu vitu vya wazee havichezewi.

Tukafika kwa mpwa wake, anayeishi katika nyumba ile ya wazee wao. Sufuria ipo mlangoni, imejaa maua mekundu. Brijiti akaumwaga udongo kwa mikono yake, akaisuuza, akainyanyua dirishani. Mwanga ukapita. Yule mpwa aliitoboa kitako maji yasituame, na kutu ikamalizia. Akasema lakini shangazi, oveni ya umeme si ipo.

Brijiti akamwambia, "Nimeleta mgeni nimuonyeshe. Sasa nimuonyeshe nini?"

Mkate wa oveni ukapikwa, ukapikika vizuri. Brijiti alimega tonge moja akalirudisha sahanini.

Jana nilipoiona picha yako niliisogeza karibu na macho nikaitazama mara mbili. Rehema alidhani nimeyapenda maua. Picha haionyeshi kitako, na mie tangu jana nakifikiria hicho kitako. Brijiti keshanunua kofia ya jua ya safari ya Unguja.

Barua hii Rehema ataipiga picha akutumie leo hii, kwa hiyo usije ukaniambia ilichelewa. Msalimie mumeo, na wifi yako wa Pemba, na mwambie kaka yako mkubwa anipigie, simu haiumi. Mpe salamu nyingi shangazi yako Bi Zena. Macho yake hayaoni tena lakini mkono wa kupalia anao, na wewe hukutaka kujifunza kwake ulipokuwa na nafasi.

Sasa inuka. Ng'oa hiyo asumini uipeleke kwingine, haina kosa. Isugue sufuria kwa kumbi na mchanga, ijaze maji, uiweke juu ya sakafu kavu mpaka kesho. Ikivuja, niambie mimi kabla ya mtu yeyote. Isipovuja, ikaushe, ipake mafuta ya nazi, roweka mchele, mchukue Bi Zena kwa mkono umkalishe jikoni, na upalie makaa wewe mwenyewe.

Mama yako,
Mwanajuma