Upande Wetu wa Kanisa

Isevya, Jumapili, 14 Juni 1953

Laiti ardhi ingepasuka inimeze! Ndiyo kwanza nasali kanisani kwao Elia nikiwa mke wake. Nilivaa lile gauni la samawati analolipenda, nikaketi naye bega kwa bega. Kumbe wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto. Bibi yake Elia akaja, akanishika mkono, akanihamisha mbele ya watu wote.

"Mumeo utamwona nyumbani," akasema. Watu wakacheka. Nilijikaza nisilie. Niliogopa watasema msichana wa sekondari ana majivuno, na Elia ataona aibu kwamba amenioa...

Baada ya ibada nilimwamkia Bibi kwa shingo upande.

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenuna?"

Akauweka mkono wangu kwenye ukuta wa kushoto. Akanisimulia kwamba zamani, waume walipokwenda pwani kubeba mizigo ya misafara, wake zao walikanyaga udongo na kuusimamisha ukuta huo peke yao. Waume waliporudi walikuta nusu ya kanisa imesimama, ndipo wakajenga upande wa kulia.

"Ndiyo maana hapa hatukai na mwanamume," akasema. "Mimi nilikandika huku namlilia babu yake Elia, sijui kama yu hai."

Jamani, mapenzi hayo! Nilimkumbatia hapohapo.

Jumamosi wanawake wanaukandika upya, na Bibi amesema niende. Elia wangu, mpenzi wa roho yangu, anataka kuja kunichotea maji. Nimembusu, nikamwambia abaki nyumbani. Ukuta huo ni wetu.