Mizizi ya Kichaka cha Miiba

Butembo, tarehe 9 mwezi wa kumi 2024

Kwako yaya Kanyere, Mavivi

Yaya mupendwa, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia wewe, shemeji Kitsa na batoto bote. Kikohozi chako kimepungua? Sisi huku tuko salama. Mvua inanyesha tu, na mama anasema maharagi ya Vuhovi yataoza shambani.

Nimerudi kutoka kaskazini ya Kenya. Uliniuliza kwa telefone batu ba kitivo chetu cha chuo kikuu banatafuta nini kwenye mulima wa volkano usio na mvua. Hata mimi nilijiuliza. Mawe meusi yanachoma mpaka ndani ya viatu. Lakini ukiinama, unaona kichaka kimoja cha miiba, na chini yake majani madogo ya aina sita ao saba. Hatua mbili pembeni, mawe matupu. Kwa nini yote yanajibana pale? Profesa Paulin alitukataza kugusa. Tulipaswa kuhesabu tu.

Nakiru, mama mufugaji wa pale, alinicheka. Aliniambia kichaka kile ni mama, kinafunika batoto bake jua. Mimi nilitaka kujua zaidi: kinawapa kivuli tu, ao na maji kutoka chini?

Basi siku moja, benzangu balipokwenda kuchota maji, nilichukua jembe nikachimba. Nilifuata muzizi mpaka mukono wote ukaingia. Udongo wa chini ulikuwa baridi, wenye unyevu! Nilifurahi peke yangu. Kisha kichaka kikaanguka. Nilikisimamisha, nikashindilia mawe. Siku ya tatu kilikuwa kimekauka, pamoja na vyote vilivyokuwa chini yake.

Profesa aliona matawi yamevunjika, akasema ni mbuzi. Nilinyamaza. Bazee ba kijiji bakamufukuza Nakiru na mbuzi zake kwenye mulima. Alipita mbele ya hema yangu, akaniaga vizuri.

Yaya, ni mimi. Jana niliingia bureau ya profesa nikamuambia yote.  Akasema jina langu litaondolewa kwenye kazi ile, na barua ya kuomba bazee bamurudishe Nakiru nitaandika kwa mukono wangu. Nilikubali. Nilipofika mulangoni akaniita, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kahongya, kule chini kulikuwa maji kweli?"

Usimuambie mama kwanza. Nitamuambia mwenyewe Siku ya Mungu, tukitoka kanisani. Nisalimie batoto, na uniombee.

Wasingya, aksanti sana,
mudogo wako,
Kahongya